Kasri Limefungwa, Kanisa Lina Kufuli: Maswali Yenu kuhusu Baiskeli Vijijini Ufaransa

Barua za toleo hili ni za aina mbili. Wanaojiandaa kwa safari wanauliza kilomita. Waliokwisha kurudi wanauliza kwa nini walikuta milango imefungwa. Tumezichanganya makusudi, maana vijijini Ufaransa barabara haisumbui sana. Kinachosumbua ni saa.

Mimi na mume wangu tuna siku nne mwezi Juni. Baiskeli tunaendesha, lakini si wanamichezo. Tunataka makasri ya bonde la Loire. Tuanzie wapi, na je, ni rahisi zaidi kufuata mto unakoelekea?

Anzieni Blois, dada. Treni ya moja kwa moja kutoka stesheni ya Paris-Austerlitz huchukua kama saa moja na nusu, na stesheni ya Blois iko juu ya mji, kwa hiyo mnaanza kwa kuteremka.

Siku ya kwanza acheni mizigo mlikolala, mzunguke Blois, Chambord, Cheverny na kurudi. Ni kilomita 50 na ushei, karibu zote tambarare. Chambord iko kilomita 20 hivi kutoka Blois. Fikeni mlango unapofunguliwa, kabla mabasi ya watalii hayajashusha watu, na tengeni saa mbili na nusu. Mfalme François wa Kwanza aliamuru lijengwe mwaka 1519, na kinachovuta watu ni ngazi zake mbili zilizosokotwa pamoja: anayepanda na anayeshuka huchunguliana madirishani bila kukutana. Msishangae vyumba vingi kuwa vitupu. Mfalme alilala hapo majuma machache tu katika utawala wake wote, na samani zilisafiri naye. Kasri limezungukwa na pori lenye ukuta wa kilomita 32, na sehemu kubwa ya pori hilo hairuhusiwi kuingia, kwa hiyo msitafute njia ya mkato humo.

Siku ya pili ni Blois hadi Amboise kupitia Chaumont, kama kilomita 40. Hapa ramani hudanganya: mtu huona mto akadhani atateleza kandoni mwake, kumbe baada ya Chaumont njia hupanda kwenye mashamba ya mizabibu na kushuka tena zaidi ya mara moja. Siku ya tatu mwende Chenonceau, kilomita 15 kutoka Amboise. Kuna mlima wa kutoka mjini, kisha msitu mtulivu. Kijiji huandikwa Chenonceaux, chenye x mwishoni, na kasri halina x. Mkitafuta treni kwa jina la kasri mtaambiwa hakuna stesheni, ilhali ipo karibu kabisa na lango lenyewe, na treni zake huenda Tours. Siku ya nne: Tours hadi bustani za Villandry, kilomita 20, halafu kilomita 11 hadi Azay-le-Rideau, ambako pia kuna treni ya kurudi Tours.

Kuhusu kufuata mto, mteremko wa Loire haumfikii mtu miguuni. Mji wa Nevers, ulioko juu zaidi kwenye mto huo, uko chini ya mita 200 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo hadi Atlantiki kwa njia ya baiskeli ni zaidi ya kilomita 800. Gawanyeni wenyewe, mtapata kama sentimita 20 kwa kilomita. Mnachohisi ni upepo, na mara nyingi huvuma kutoka magharibi. Njia tuliyowapangia inaelekea magharibi. Utabiri ukionyesha upepo mkali wa upande huo, igeuzeni: anzieni Azay, mmalizie Blois.

Makasri mawili kwa siku yatosha. La tatu mtalifikia wakati tiketi zimeshafungwa, kwani mauzo husimama nusu saa hadi saa nzima kabla ya lango kufungwa. Na mkitafuta pa kulala, angalieni kibao cha Accueil Vélo. Hupewa nyumba zilizo ndani ya kilomita tano kutoka njia rasmi ya baiskeli, na zinatakiwa ziwe na mahali pa kufungia baiskeli na vifaa vya matengenezo madogo.

Tulifuata vibao vya «Château» mara tatu kwa siku moja. Cha kwanza kilitupeleka kwenye geti la nyumba ya mtu, cha pili kwenye duka la mvinyo. Mara ya tatu simu ilituonyesha «château» mlimani, tukapanda, tukakuta tangi la maji. Tulikosea wapi?

Hamkukosea. Kiswahili kina ngome na kasri. Kifaransa hutumia neno moja kwa vyote viwili, na kisha hulitwika kazi nyingine zaidi. *Château fort* ni ngome ya vita, yenye kuta nene na matundu ya mishale. *Château* peke yake huweza kuwa kasri la kifahari, nyumba kubwa ya shamba, au, hasa pande za Bordeaux, shamba la mizabibu ambalo halina hata mnara mmoja. *Château d'eau*, lililowatoa jasho, ni tangi la maji la kijiji.

Kibao cha kuaminiwa ni cha rangi ya kahawia, au kile chenye alama ya mraba uliosimama kwa pembe, ndani yake michoro ya njia zinazopindapinda. Huo ni mchoro wa sakafu ya zamani ya kanisa kuu la Reims, na maana yake ni jengo la kihistoria linalolindwa na sheria. Hata hivyo, kulindwa si kufunguliwa. Makasri mengi ni ya watu binafsi, na ukiona *propriété privée* getini, geuza baiskeli.

Kuna siri moja ya kodi inayoeleza mengi. Mwenye jengo linalolindwa hupata nafuu ya kodi kwa gharama za matengenezo, na nafuu huwa kubwa zaidi akilifungulia umma. Ili lihesabiwe kuwa limefunguliwa, sheria inataka siku 50 kwa mwaka, 25 kati yake ziwe za mapumziko kati ya Aprili na Septemba, au siku 40 ndani ya Julai, Agosti na Septemba. Ndiyo sababu makasri madogo hufunguka ghafla Julai na kufungwa kabla ya Oktoba. Anayekwenda Mei apige simu kwanza. Anayeweza kuchagua tarehe achague wikendi ya tatu ya Septemba, zinapofanyika siku za urithi: milango isiyofunguka mwaka mzima hufunguka siku hizo mbili, mara nyingi bure.

Makanisa ya vijijini ndiyo yaliyonipeleka, na nusu yake nilikuta yamefungwa. Je, ni lazima niwasiliane na padri?

Padri huenda anaishi kijiji cha kumi na tano kutoka hapo. Parokia za vijijini zimeunganishwa, na misa ya Jumapili huzunguka kijiji hadi kijiji. Tena kwa kawaida jengo si mali ya padri. Sheria ya mwaka 1905 ilitenganisha dini na serikali, na makanisa ya vijiji yaliyokuwapo wakati huo yakabaki mikononi mwa halmashauri za vijiji. Makanisa makuu yakawa ya serikali kuu. Alsace na Moselle zina utaratibu wao, kwa kuwa mwaka 1905 zilikuwa chini ya Ujerumani. Kwingineko, wa kumuuliza ni *mairie*, ofisi ya kijiji, ambayo huenda ikafungua asubuhi mbili tu kwa wiki.

Kabla ya kwenda huko, hakikisha kweli kanisa limefungwa. Watu wengi husukuma mlango mkubwa wa magharibi na kuondoka. Zunguka upande wa kusini, utafute mlango mdogo, uinue komeo kwa nguvu. Mbao hizo ni nzito na huvimba kwa unyevu. Likigoma, soma karatasi iliyobandikwa mlangoni: mara nyingi hutaja nyumba au duka linalotunza ufunguo. Ukipewa ufunguo, acha kitambulisho kama dhamana, urudishe kabla ya saa sita mchana. Ukitoka, funga mlango. Mbayuwayu na njiwa wakiingia hufia ndani.

Ndani, mpe macho dakika mbili yazoee giza, kisha tafuta swichi karibu na mlango. Wakati mwingine taa huwashwa kwa sarafu. Tao la nusu duara, kuta nene na madirisha madogo ni mtindo wa Romaneski, karne ya 11 na 12. Tao lililochongoka na mbavu za mawe darini ni Gothiki. Mengi ni mchanganyiko, kwa kuwa pesa ziliisha katikati ya ujenzi. Angalia vichwa vya nguzo kabla ya altare: huko ndiko wachongaji walikojiachia. Altare huelekea mashariki, kwa hiyo mwanga wa ndani ni mzuri asubuhi, na michongo ya mlango wa magharibi hupigwa na jua jioni. Mpiga picha apange siku yake hivyo.

Kengele pia ni saa ya safari. Zikilia mfululizo saa sita mchana, duka la mikate linakaribia kufungwa, na jikoni za mikahawa zitaacha kupokea wateja kama saa saba na nusu. Vijiji vingine hurudia idadi ya saa baada ya dakika moja au mbili, kwa ajili ya aliyekosa kuhesabu mara ya kwanza. Usidhani muda umeruka.

Treni na baiskeli: ni shida kweli kama wanavyosema?

Inategemea treni. Zile za mikoa, TER, kwa kawaida hubeba baiskeli bure, anayewahi ndiye anayepata. Ila majira ya joto baadhi ya mikoa hutaka nafasi ihifadhiwe, na bonde la Loire ni mojawapo. TGV INOUI, treni za mwendo kasi, zenye nafasi za baiskeli hutoza ada, na lazima ukate mapema. Baiskeli iliyofunguliwa magurudumu na kutiwa kwenye mfuko usiozidi sentimita 130 kwa 90 huhesabiwa kama mzigo, bila malipo ya ziada.

Mtego mkubwa uko kwenye ratiba. Baadhi ya safari zinazoonekana kama za treni ni za basi, zikiwa na alama ya *car* au *autocar*, na basi hilo kwa kawaida halichukui baiskeli. Kagua alama hiyo kwa kila kipande cha safari. Na vua mikoba ya keria kabla treni haijaingia: stesheni ndogo husimama dakika moja, ndani baiskeli huning'inizwa kwa gurudumu la mbele, na ya umeme yenye kilo 25 haimsubiri mtu mmoja aliyechoka.

Septemba iliyopita nilipasua mipira mitatu kwa siku mbili kandokando ya Canal du Midi. Tairi zilikuwa za milimita 25. Walionikodisha baiskeli walisema ni bahati mbaya.

Si bahati, ni tairi. Mfereji huo wa kilomita 240, uliofunguliwa mwaka 1681, una lami laini kutoka Toulouse kwa kilomita 50 hivi, na hizo ndizo zinazopigwa picha. Baada ya hapo ni udongo, changarawe na mizizi ya miti ya kivuli iliyopandwa kingoni. Mingi imekatwa tangu mwaka 2006 kwa sababu ya ugonjwa wa kuvu, lakini mizizi na visiki bado vipo. Chukua tairi za milimita 38 hadi 42, uzijaze bar 3 hadi 3.5, yaani psi 45 hadi 50. Kwa Loire, 32 hadi 35 zatosha.

Tundu lenyewe husema limetokana na nini. Matundu mawili madogo sambamba, kama umeumwa na nyoka, maana yake upepo ulikuwa mdogo na rimu imebana mpira kwenye mzizi. Tundu moja upande wa nje ni mwiba, na Septemba ni msimu wake: wakulima hawaruhusiwi kupunguza nyua za miti ndege wanapoatamia, kwa hiyo mashine huanza baada ya katikati ya Agosti na kumwaga miiba njiani. Tundu upande wa ndani, unaoelekea rimu, ni njiti iliyochomoza au utepe wa rimu uliosogea; kubadilisha mpira bila kurekebisha hilo ni kupoteza mpira mwingine.

Kabla ya kutia mpira mpya, pitisha kitambaa ndani ya tairi yote, si kidole. Mwiba ukiwa umebaki utakinasa. Ukibandika kiraka, kwangua kwa msasa, paka gundi, na isubiri ikauke dakika tano. Wengi hubandika gundi ikiwa bado mbichi, na kiraka huachia jua likipanda. Vali za huko nyingi ni zile nyembamba za kufungua kwa kokwa, basi hakikisha pampu yako inazikubali.

Tunapata wapi maji, maduka yakiwa yamefungwa?

Makaburini. Makaburi ya vijiji vya Ufaransa huwa na bomba la kumwagilia maua, na mara nyingi hayako mbali na kanisa. Jaza chupa kwa adabu, usiogee hapo. Kibao cha *eau potable* kinaruhusu kunywa. *Eau non potable* kinakataza. Wakati wa baridi mabomba mengi hufungwa yasipasuke kwa barafu. Jumapili mchana na Jumatatu usitegemee duka lolote la kijiji.

Tutakuwa na watoto wa miaka 7 na 10. Polisi wanaangalia nini?

Kofia ngumu kwanza. Tangu Machi 2017 kila aliye chini ya miaka 12 lazima aivae, hata akibebwa nyuma, na faini ya euro 135 humwangukia mtu mzima anayeongozana naye. Vifaa vya masikioni vimepigwa marufuku kwa mwendeshaji, hata sikio moja. Baiskeli iwe na breki mbili, kengele na riflekta. Gizani iwe na taa nyeupe au ya njano mbele na nyekundu nyuma. Na nje ya mji usiku au penye ukungu, fulana ya kuakisi mwanga ni lazima. Nje ya mji huanzia kwenye kibao chenye jina la kijiji lililokatwa kwa mstari mwekundu.

Hatari halisi, hata hivyo, ni kanuni ya kulia. Penye makutano yasiyo na alama, anayetokea kulia ana haki ya kupita, hata akitoka kichochoroni. Wafundisheni watoto kupunguza mwendo kila wanapoona uchochoro upande huo. Kwa umri wao chagueni *voie verte*, njia isiyoruhusu magari. *Véloroute* ni jambo jingine: huweza kuchanganyika na barabara ndogo. Wakichoka na makasri yaliyokamilika, kuna Guédelon, Bourgogne, ambako tangu mwaka 1997 ngome inajengwa kwa mikono na zana za karne ya 13. Hufungwa wakati wa baridi.

Loire nimeimaliza. Nataka makanisa zaidi na watu wachache.

Bourgogne kusini, basi. Reli ya zamani kutoka Givry hadi Cluny iligeuzwa kuwa njia ya baiskeli mwaka 1997, kilomita 44, na kwa kuwa garimoshi halipandi milima mikali, nawe hutapanda. Shuka treni Chalon-sur-Saône. Ukifika Cormatin, tazama kasri, kisha toka njiani kuelekea mashariki kilomita chache hadi Chapaize, kanisa la karne ya 11 lenye mnara mrefu kuliko kijiji kinavyostahili. Cluny kwenyewe, nenda ukijua: abasia, yaani makao makuu ya watawa, ilianzishwa mwaka 910, na kanisa lake la tatu lilikuwa kubwa kuliko yote ya Ukristo wa Magharibi hadi Mtakatifu Petro wa Roma lilipojengwa upya. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa liliuzwa na kubomolewa kama machimbo ya mawe. Kilichobaki ni mkono mmoja wa kanisa hilo la umbo la msalaba na minara yake, haifiki hata sehemu moja ya kumi. Simama ndani ya kipande hicho, uinue macho, ndipo utaelewa ukubwa wa kilichopotea.

Ukiendelea kusini kuelekea Mâcon utapita handaki la Bois Clair, mita 1,600. Vaa koti hata Julai. Majira ya baridi hufungwa kwa ajili ya popo, na hapo hakuna budi kupanda mlima kwa barabara. Upande wa pili, Berzé-la-Ville ina kikanisa cha watawa chenye michoro ya ukutani ya enzi ya Romaneski, usikipite.

Kama unataka ngome na kanisa ndani ya jengo moja, nenda kaskazini, Thiérache. Karne ya 16 na 17 majeshi yalipita hapo tena na tena kati ya Ufaransa na Uholanzi ya Wahispania (karibu Ubelgiji ya leo), na wanavijiji wasio na bwana wa kuwalinda waliyageuza makanisa yao kuwa ngome: minara ya matofali mekundu, matundu ya bunduki, vyumba vya juu vyenye meko vya kujificha na familia. Njia ya baiskeli hufuata bonde la Oise kati ya Hirson na Guise. Makanisa ya Englancourt na Beaurain hayako mbali nayo. Ya Plomion, Burelles na Prisces yako kusini zaidi, kwenye vilima vinavyopanda na kushuka bila huruma, na lami hutapakaa matope ya matrekta wakati wa mavuno ya viazisukari. Weka vilinda matope.

Naweza kupiga hema karibu na kasri, nilione alfajiri?

Mita 500 kuzunguka jengo linalolindwa si mahali pa kupiga hema, na vivyo hivyo mita 200 kutoka vyanzo vya maji ya kunywa. Tafuta *camping municipal*, kambi ya halmashauri. Vijiji vingi vya kandokando ya mito vina moja, bei yake ni ndogo, na nyingi hufunga kabla ya baridi kuanza. Mapokezi hufungwa jioni, lakini mwenye baiskeli hupiga hema tu, akalipa asubuhi.